Zima Maiki ya Pili

Kwanza zima mwangwi. Kabla hujagusa kitu kingine chochote mezani, zima mwangwi. Ninyi mnaoshika mitambo siku hizi mna ugonjwa mmoja: mtu akipanda jukwaani na kusema "habari za jioni", mmeshampaka mwangwi mpaka habari zenyewe zinafika kesho. Nimestaafu juzi, mgongo umekataa kubeba spika na masikio yamechoka na washereheshaji, na mmeniomba niwaandikie niliyoyaona kazini. Haya. Mambo ya nani alinipandisha cheo na nani alinibania hayatawasaidia kufunga waya, kwa hiyo nayaruka.

Ufundi nilijifunzia Bulgaria, enzi zile serikali ilipokuwa ikipeleka vijana huko kusoma. Nilitoka Tanga na koti la kuazima, nikaingia maabara ya redio siku ya kwanza nikitetemeka kwa baridi na nikijiona kweli kweli. Mwalimu wetu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya askari jela. Akanipa redio bubu, akaniambia, "Isikilize." Mimi, nani kama mimi, nikachomoa bisibisi, nikaifungua yote mpaka ikabaki mifupa. Akanigonga vidole kwa mpini wa bisibisi ile ile. Betri zilikuwa zimegeuzwa, basi. Nilikaa na aibu ile miaka yote ya masomo, lakini niliondoka najua kusikiliza, na najua Kibulgaria, ambacho nilidhani hakitanifaa tena maishani.

Kitu kimoja cha kule nilikichukia kwa moyo wote: nyimbo za wanawake wa milimani. Redio ya bweni ilizimwaga kila asubuhi. Wanawake wawili wanaimba kwa sauti zilizobanana, hazipatani wala hazitengani, zinasuguana tu, nami nimejifunika blanketi gubigubi nikijiuliza kwa nini hakuna jirani anayekwenda kuwaamulia ugomvi wao.

Guangzhou, huko China, nilifika mwishoni mwa miaka ya tisini kununua spika, sikwenda kuzifanyia kazi. Binamu yangu alikuwa na duka Dar es Salaam, akasema wewe ndiye mtaalamu, nenda ukachague. Mtaalamu nikaenda, nikachagua kwa macho, kwa kuwa muuzaji alikuwa na haraka na mimi nilikuwa na njaa. Nikazipeleka kwenye hoteli niliyofikia, nyuma ya barabara ya Guangyuan Xilu, nikaziunga, zikalia kama mbuzi aliyefungiwa stoo. Fundi mitambo wa ukumbi wa hoteli ile, mzee aliyeitwa Qiu, ambaye kila mtu alimwita Shifu kwa heshima ya ufundi wake, alisikia kelele akapanda juu. Akafungua spika moja, akaingiza mkono, akatoa kipande cha tofali. Walikitia humo ili kasha liwe zito. Shifu Qiu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Binamu yangu alipopata habari hakucheka hata kidogo, na ndiyo maana nilibaki Guangzhou kutafuta kazi badala ya kurudi nyumbani.

Shifu ndiye aliyenichukua. Siku ya kwanza alinipa waya zilizosokotana, rundo zima, akaniambia nizifungue bila kuvuta hata mmoja. Nilimaliza jioni. Chakula cha mchana alikula ukumbini, kila siku meza nyingine, na mimi nikadhani ni visa vya uzee. Kumbe alikuwa anausikiliza ukumbi: hapa sauti inarudi kutoka kwenye kioo, pale inamezwa na pazia, kule karibu na jikoni husikii kitu ila sahani. Maiki alizihifadhi kwenye debe la mchele mkavu, maana ikifika miezi ya unyevunyevu kuta za Guangzhou hutoka jasho zenyewe, na maiki iliyonyonya unyevu hukoroma. Asubuhi tulizikausha kwa mashine ya kukaushia nywele. Wageni waliopita walidhani tunafungua saluni. Baada ya mwaka hivi akarudi kwao kulea wajukuu, akaniachia meza ya mitambo, debe, na meneja.

Meneja aliitwa Deng. Kabla ya kufanywa mkuu wa burudani alikuwa akiuza marumaru za vyooni, na muziki aliupenda kama alivyopenda marumaru: uteleze, ung'ae, kiungio kisionekane. Miaka ile jiji zima lilikuwa limelewa karaoke. Kila mwenye mgahawa alikuwa na maiki, kila maiki ilikuwa na mwangwi, na kila mnywaji alijisikia yuko kwenye uwanja wa mpira akishangiliwa. Deng akaona karaoke haitoshi, hoteli yake inapokea wageni wa mataifa, lazima iwe na Jioni ya Ulaya. Akaiagiza Ulaya kwa wakala, kama unavyoagiza vigae.

Wakala akaleta dada wawili kutoka milima ya Bulgaria. Mdogo, Rada, alikuwa mwembamba, na alikuwa amemwacha mwanawe wa kiume kwa mama yao. Mkubwa, Stana, alikuwa na mabega mapana ya mtu aliyefanya kazi kiwanda cha nguo mpaka kilipofungwa. Deng aliwavisha magauni mekundu ya Kihispania na kuwashikisha vipepeo vya mkononi, maana kwake Ulaya ilikuwa kijiji kimoja na wote hukutana kisimani. Nilipowasalimia kwa Kibulgaria, Rada alipiga kelele ya furaha. Stana alinitazama juu mpaka chini.

"Nani alikufundisha vibaya hivyo?" akauliza.

Kwenye mazoezi waliimba vile vinyimbo vya mapenzi alivyovitaka Deng, wanavipitia tu kama mtu anayedeki. Kisha wakaweka vipepeo chini, wakasogeleana mpaka mabega yakagusana, wakaimba wimbo wa kwao. Rada alibeba maneno juu. Stana alikaa chini yake kwenye sauti moja, karibu mno, haondoki. Zilikuwa zile zile kelele za bwenini. Ila safari hii nilisimama karibu nao, hakuna redio kati yetu, na msuguano ule ukaanza kunitetemesha kifuani, ikatokea katikati yao sauti ya tatu ambayo hakuna aliyekuwa akiiimba. Nilisahau nimeshika waya. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote ile sikuwachukia wale wanawake, nilikuwa nimechukia kispika cha bweni chenye ukubwa wa kisosi.

Deng alikuwa amekunja uso. "Wanaimba vibaya," akaniambia. "Huyu mnene anamharibia mwenzake."

"Ndivyo wimbo ulivyo, Meneja. Zinatakiwa zibanane."

"Mbaya tu. Zima maiki ya pili."

Hapa nataka msikilize vizuri, maana hili hawalifundishi chuoni. Siku bosi akikuambia umzime mtu, usimzime. Mshushe kidogo, kisha sema umezima. Mabosi husikia kwa macho. Akiona kidole kimekwenda mezani, roho yake inatulia, na atakwambia mwenyewe kwamba sasa ni nzuri. Wiki nyingi nilimzima Stana kila jioni kwa namna hiyo, na kila jioni Deng alinipigia saluti kutoka mlangoni.

Kabla ya wimbo ule yeye mwenyewe alipanda jukwaani kutangaza asili yake. Jumatatu ulikuwa wimbo wa malkia aliyependwa na askari wake. Jumatano uliimbwa na mabaharia, ingawa kutoka kijiji cha akina Stana ukitaka kuiona bahari inabidi upande treni. Wageni waliitikia kwa vichwa huku wanatafuna njiwa wa kukaanga. Nilipomtafsiria Stana habari za malkia, alicheka kwa pua.

"Mwambie malkia wetu alikuwa na mundu na nyufa miguuni," akasema.

Siku hiyo tulikuwa stoo, tunakunywa chai kwenye makasha ya spika, ndipo akanieleza. Ni wimbo wa kuvunia. Wanawake wawili walikuwa wakivuna ngano ubavu kwa ubavu, mmoja akasema anakwenda kunywa maji, hakurudi. Mwenzake anamwita: umekwenda kunywa maji, mwenzangu, mbona hurudi, nani atanishikia mganda niufunge?

"Alipatwa na nini?" nikauliza.

"Bibi alisema alikufa. Mama alisema alitoroka na fundi viatu. Mimi namwamini mama." Akapuliza chai yake. "Ndiyo maana tunauimba wawili. Ukiimbwa na wawili ni utani, tunamcheka mvivu aliyejificha kisimani. Lakini mtu hauimbi peke yake. Kwetu anayeuimba peke yake ni yule ambaye mwenzake amekufa kweli. Anamwimbia pale kaburini, mara moja, imekwisha. Aliyeimbiwa haimbiwi tena, na aliyeimba hauimbi tena."

"Na maneno ni yale yale?"

"Yale yale. Yabadilike ya nini?"

Nimewahi kukaa kwenye semina tatu za watu wenye miwani wanaoeleza maana ya muziki wa asili, na sikupata humo kitu cha kulingana na ile chai. Lakini tuendelee.

Ikaja habari kwamba mwenye hoteli, laoban mwenyewe, atakuja kutazama Jioni ya Ulaya na kuamua nani abaki. Deng aliingiwa na hofu. Akaona njia ya kumfurahisha tajiri ni kumwonyesha kwamba amepunguza watu. Akatuita nyuma ya jukwaa, akaniambia nitafsiri: mkataba wa Rada utaongezwa, wa Stana utaishia hapo. Na ule wimbo wa milimani, ambao laoban aliwahi kusikia ukisifiwa na mgeni fulani, Rada atauimba peke yake, safi, na kinanda nyuma.

Kutafsiri ni kazi chafu. Unautia upuuzi wa mtu mwingine kinywani mwako na kuutoa ukiwa na mate yako. Rada alinisikiliza mpaka mwisho, uso ukamsawijika.

"Dada yangu amesimama hapa," akasema. "Niuimbe peke yangu yeye anapumua? Mwambie hapana. Mwambie hata akinipa hoteli yake."

Nikamweleza Deng, taratibu, habari za mganda na kaburi. Alikodoa macho, kisha akaangalia saa yake.

"Wageni wa ukumbini, nani anajua Kibulgaria?" akauliza.

"Hakuna, Meneja."

"Basi hakuna aliyekufa. Mwambie aimbe au waondoke wote wawili."

Akatoka. Rada alianza kukunja gauni lile jekundu, na mimi nikaanza kumsaidia, kwa kuwa mikono ilitaka kazi. Stana alikuwa amekaa kwenye kasha, anamenya chungwa, hana wasiwasi.

"Liache gauni," akamwambia mdogo wake. "Tukirudi wote, mtoto atakula nini? Kiwanda kimefungwa. Mama anauza mayai. Utaniimbia."

"Sikuimbii!"

"Utaniimbia, Rada. Mimi si wa kwanza kufa kwa ajili ya kazi."

Rada alilia kilio cha kupiga miguu chini, kama mtoto, mpaka mpiga kinanda akachungulia mlangoni akakimbia. Stana akamgawia nusu ya chungwa. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, kaka, kama ni msiba wangu, usinipake mwangwi."

Jioni ya laoban ukumbi ulijaa. Tajiri alikaa meza ya mbele na watu wake, samaki mzima wa mvuke mbele yao. Stana alikuja kusimama kando yangu kwenye meza ya mitambo, amevaa koti lake la nyumbani, nywele amezifunga. Deng akatangaza wimbo wa mapenzi ya kifalme. Rada akapanda, akaishika maiki iliyokuwa imebaki peke yake pale katikati, akaanza bila kumngoja mpiga kinanda, na yule bwana alitafuta pa kuingilia mpaka wimbo ukaisha.

Mwangwi nilikuwa nimeuzima. Deng, kutoka mlangoni, alinizungushia kidole hewani: ongeza, ongeza. Nikashika kitufe ambacho hakijaungwa na chochote, nikakizungusha mpaka mwisho, akatabasamu. Kila meza ya mitambo iwe na kitufe kimoja cha kuwafurahishia mameneja, hilo liandikeni ukutani.

Sauti ya Rada peke yake ilikuwa nyembamba na nzuri, na chini yake palikuwa na nafasi wazi. Yeyote aliyewahi kuwasikia wawili angejua mahali hasa penye tundu. Umekwenda kunywa maji, mwenzangu, mbona hurudi. Stana alisikiliza amekunja mikono. Kwenye ubeti wa pili akaninong'oneza, "Anakimbia, anakimbia, mwambieni apumue." Lakini mkono wake mmoja ulikuwa umeteremka ukashika ukingo wa meza yangu, na ulishika kwa nguvu mpaka nikahofia mitambo. Nilimwonea uchungu, na niliwachukia wote waliokuwa wakila.

Walipiga makofi. Bila shaka walipiga. Laoban aliitikia kwa kichwa, Deng alikuwa anang'aa kama sakafu zake. Watu walipokuwa bado wanapiga makofi, nikaguswa begani. Alikuwa Mama Glory, mfanyabiashara wa Moshi, mmoja wa Watanzania waliokuwa wakifikia pale wanapokuja kununua nguo.

"Fundi, samahani," akasema. "Mimi nimetoka soko la Zhanqian miguu inawaka. Laoban wa majinzi kanigomea diskaunti, mei you, mei you, hakuna, hakuna, kutwa nzima, sampo kanionyesha nyingine na mzigo kafunga mwingine. Nikasema acha nije nile kwa amani. Sasa huyu dada ananiliza hapa na kuku wangu. Kafiwa na nani?"

"Na dada yake, mama."

"Maskini! Lini?"

"Sasa hivi. Huyu hapa."

Mama Glory alimtazama Stana, akanitazama mimi aone kama namfanyia mzaha, akaona sifanyi. Akafuta mikono kwa kitambaa cha mezani, akaushika mkono wa Stana kwa mikono yake miwili. "Pole sana, dada. Pole sana."

Stana aliuliza amesema nini, nikamtafsiria.

"Mwambie asante," akasema Stana. "Ndiye wa kwanza kuja msibani."

Deng alitufuata kabla hatujakusanya waya. "Umesikia usafi ule?" akaniambia. "Laoban amependa. Kuanzia kesho, kila jioni." Stana alipewa mpaka mwisho wa wiki kuondoka chumbani. Niliyatafsiri yote mawili kwa mkupuo mmoja, nikiyatazama makasha ya spika. Rada alikaa chini palepale kwenye ngazi za jukwaa na gauni lake.

"Mara moja nilikubali," akasema. "Kila jioni? Kila jioni niwe namfukia, watu wanakula?"

Stana alikaa ngazi ya chini yake, akaanza kuukunja waya wa maiki.

Jioni ya pili ilikuwa ya kawaida, nusu ya meza tupu, wafanyabiashara wa vitambaa, familia moja inasherehekea siku ya kuzaliwa ya babu. Stana alikuja tena kusimama kando yangu, koti lile lile. Nilimwambia akapumzike chumbani, akaniambia maiti hapangiwi pa kulala. Deng akatangaza, safari hii malkia alikuwa Mfaransa. Rada akapanda, akaishika maiki, akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Mpiga kinanda akarudia mwanzo. Deng akapunga mkono kwa hasira. Rada akaanza: umekwenda kunywa maji, mwenzangu, na sauti ikamkatikia pale pale kwenye mwenzangu.

Stana alitoa tusi ambalo mwalimu wangu wa maabara hakunifundisha. Akaondoka mezani kwangu. Akapita katikati ya wateja na koti lake, akalizunguka tangi la samaki, akamsogeza mhudumu mmoja kwa kiwiko, akapanda jukwaani. Akaweka bega lake kwenye bega la Rada, kinywa karibu na sikio la mdogo wake, akaishika ile sauti ya chini.

Mbona hurudi, akaimba Rada, na aliyekuwa hajarudi yuko begani mwake anamtazama kwa jicho la pembeni. Ukawa tena wimbo wa kumsuta mvivu. Rada alikuwa analia na anacheka, na sauti zao zikabanana mpaka glasi kwenye meza yangu ikaanza kuimba nayo.

Deng alikuja mbio. "Zima maiki ya pili!"

"Hakuna maiki ya pili, Meneja. Iko moja."

"Mzime yule mnene!"

"Yumo ndani ya ile ile ya mwembamba. Nikimzima mmoja nimewazima wote. Sema wewe."

Akanisukuma kando. Alivishika vile vijiti vya sauti kwa vidole vyote kumi, akavivuta chini, kila kimoja, maiki, kinanda, mpaka cha redio ya kaseti ambayo haikuwa hata na kaseti. Spika zikafa. Nilizisikia zikifa, tup, kushoto na kulia.

Wale wawili hawakufa. Wimbo ule ulitungwa na watu waliokuwa wakiitana kutoka ubavu mmoja wa mlima hadi wa pili, bonde zima katikati, na sauti zile zimebanana kwa sababu zikibanana hivyo hufika mbali. Ukumbi wa Deng kwao ulikuwa kama chumba cha mtoto. Sasa hapakuwa na spika ya kuwaingilia, na wimbo ulikuja mtupu, ukapita juu ya meza, ukagonga kioo cha nyuma ukarudi. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kuupangia ukumbi sauti safi kama ile, na niliipata nikiwa nimesimama mikono mfukoni.

Nisiwadanganye. Hakuna aliyesimama kwa machozi. Watu waliendelea kula, na mmoja aliomba pilipili. Ila babu mwenye siku yake ya kuzaliwa aliviweka chini vijiti vyake vya kulia, na kule mlango wa jikoni, ambako Shifu alisema husikii kitu ila sahani, mhudumu alisimama na sinia begani mpaka wimbo ukaisha na supu ya watu ikapoa. Deng alibaki ameshika vijiti vya sauti. Hakikuwepo kingine cha kushusha.

Walifukuzwa, ndiyo, wote wawili, kesho yake asubuhi. Walikwenda Shenzhen, wakapata mgahawa ambako waliosha vyombo kwanza na kuimba baadaye, na mtoto kule kijijini akala. Jioni ya Ulaya ilibaki na mwanamazingaombwe na njiwa wake, na hao njiwa nao sina hakika waliishia wapi, maana jikoni walikuwa wanapendwa. Mimi nilibakizwa kwa sababu hakuna mwingine aliyejua waya upi unakwenda wapi. Deng alipanda cheo, na hapo nimevunja ahadi yangu ya kutotaja vyeo.

Lakini nilitaka kuwaambia habari ya korido. Waliposhuka jukwaani niliwafuata nyuma, nikamkuta Rada anampiga dada yake ngumi za begani kwa nguvu zote alizonazo, koti linatoa vumbi.

"Umerudi!" analia. "Umeshaimbiwa halafu umerudi! Siku yako ikifika utaimbiwa na nani? Ni mara moja tu, Stana, na mara yako nimeimaliza jana mbele ya watu wanaotafuna samaki!"

Kumbe hicho ndicho kilichomkata sauti. Mkataba haukuwa kichwani mwake hata kidogo, wala Deng. Alikuwa amehesabu kwamba dada yake atazikwa kimya.

Stana alimwacha apige mpaka achoke. Kisha akamshika mikono yote miwili akaiteremsha, akanitazama mimi niliyesimama pale na vipokea sauti shingoni.

"Usinichukie, kaka, kwa ajili ya spika zako," akaniambia, halafu akamgeukia mdogo wake. "Jana hukuimba wewe. Ilikuwa inaimba spika, na spika haina dada. Bado hujaniimbia, Rada. Na mimi sina haraka."